Meno Ndani ya Kijaluba

"Nimekuchemshia meno yako," mama aliniambia asubuhi moja, mimi bado na leso kifuani na usingizi machoni. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyewahi kuamka ili afanye wema. Jikoni, juu ya mafiga, palikuwa na sufuria ndogo, ileile anayochemshia chupa za wajukuu, na ndani ya maji yanayotokota vilikuwa vikipiga mbizi vitu viwili vya plastiki vilivyojikunja kama maganda ya kitunguu. Hiyo ilikuwa jozi yangu ya tisa ya vifuniko vya kunyooshea meno, cha juu na cha chini. Usiku nilivivua ili nile pweza kwa raha, nikavisahau kwenye kisahani.

Sikuweza kumkasirikia. Kitu kinaingia mdomoni, kinatoka na mate, kinalala kwenye kisahani ambacho mende wanakipitia: ungefanya nini nacho kama si kukichemsha? Mwalimu wa bayolojia ni mimi, na wanafunzi wangu wa Dar es Salaam nimewafundisha hivyohivyo. Nilichokisahau kumwambia ni kwamba vifuniko hivi huzaliwa motoni. Bamba jembamba la plastiki hupashwa moto mpaka lilegee, hubanwa juu ya sanamu ya meno iliyochapwa na mashine, kisha hupoa likiwa limeshika umbo la meno hayo. Moto wa kiwandani ndio ulioviumba. Moto wa mama ukaviumbua.

Kilichoniokoa ni kijaluba. Daktari wangu wa Dar alikuwa amenipa kikebe cha buluu cha kuwekea vifuniko, nami nikakipoteza kwenye boti, safari ya kwanza tu. Nilipofika nyumbani, bibi mzaa mama aliniona navifungia katika karatasi ya shashi kando ya sinia la wali. Hakupenda. Akaingia chumbani, akatoka na kijaluba chake cha zamani cha tambuu, cha shaba, bawaba zimelegea, akakipigapiga kiganjani kumwaga vumbi la tumbaku na vipande vya katu. "Weka humu," akasema. "Mie nimetia humu chakula cha meno miaka arubaini, wewe tia meno yenyewe." Nilikisugua kwa majivu na sabuni mara tatu. Harufu ya tumbaku haikutoka, na haijatoka mpaka leo. Lakini ndani yake, siku ile ya sufuria, ilikuwamo jozi ya nane niliyokuwa nimeivua wiki iliyotangulia. Nikamwandikia daktari, akajibu nirudi kwenye ya nane na nikae nayo mpaka nitakaporejea. Nikamaliza likizo yangu nimerudi nyuma hatua moja, na mdomo unanuka uraibu wa bibi.

Kwetu ni Shumba, wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Tuliokulia pale tulijua tiba mbili za jino. Ya kwanza ni karafuu: unaitafuna mpaka ilainike, unaikandamiza palipotoboka, unalala. Ya pili ni kung'olewa. Daktari wa meno kwetu alikuwa mtu wa koleo, na hakuna aliyemwendea akiwa na jino zima. Miaka mingi baadaye, siku ya kwanza nilipoingia kliniki ya Dar, pua yangu ilinitangulia: palinuka nyumbani. Palinuka makonyo yaliyoanikwa. Nilimuuliza muuguzi, akanionyesha unga mweupe na kichupa cha yujenoli, kiini cha mafuta yaleyale ya karafuu, ambacho madaktari wa meno hukichanganya na oksidi ya zinki kupata dawa ya kuzibia jino kwa muda. Sisi tulio na kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, na kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, tunasafiri baharini kwenda kukutana na karafuu yetu kwenye kichupa chenye lebo ya kigeni. Haya, tuliache hilo.

Jino langu halikuuma. Kosa lake lilikuwa kusimama nje ya safu. Chonge ya kushoto, ya juu, ilichelewa kuota, na ilipokuja ikakuta wenzake wameshajipanga bega kwa bega, hakuna nafasi. Ikaota juu yao, mbele, kama mtu aliyefika msikitini imamu ameshapiga takbira, akaswali barazani peke yake. Watoto wenzangu waliniita Ngiri. Nikajifunza kucheka ndani ya mtandio, na tabia hiyo ilinata hata pale mtandio ulipokuwa hauko karibu. Ningeinua mkono kuufikia hewani.

Niliyemtazama kwanza katika habari ya kunyoosha meno ni binamu yangu wa Muscat. Wengi wetu Pemba tuna binamu wa Muscat. Alikuja kwa Idi na vyuma mdomoni, kijichuma kimoja kimegandishwa kwenye kila jino na waya mmoja umevipitia vyote, na watoto wakamfuata njia nzima. Siku ya Idi Pili alitafuna mua. Kijichuma cha nyuma kikabanduka, ncha ya waya ikawa inamchoma shavu kila akifungua mdomo. Tukakaa barazani, ukoo mzima, tunajadili. Fundi baiskeli wa jirani alijitolea na koleo yake, nia yake njema kabisa. Mwishowe tulichovya kidole kwenye nta ya mshumaa, tukaifinyanga, tukaibandika kwenye ncha ile, na binamu yangu akala uji siku tatu mpaka siku ya ndege. Huko Muscat walimkata waya kwa dakika mbili.

Pamoja na yote hayo, alinambia neno ambalo sikulithamini wakati ule: "Uzuri wa waya, hata ukiwa mvivu, wenyewe hauna uvivu."

Mimi sikutaka waya. Ningependa kusema niliogopa ncha ile, lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Mwalimu mwenye miaka 31 asimame mbele ya vijana wa kidato cha pili na chuma mdomoni! Nilipoambiwa viko vifuniko vya plastiki angavu, vya kuvaa na kuvua, ambavyo mtu wa mbali havioni, sikuuliza maswali mengi. Niliuliza bei, nikanyamaza kidogo, nikaingia michezo miwili ya fedha na walimu wenzangu, zamu ya tano na zamu ya saba.

Fikra yenyewe si mpya sana. Mmarekani mmoja, Harold Kesling, mwaka 1945 alieleza jinsi meno yanavyoweza kusogezwa kwa kifaa laini cha kuvaa kilichofinyangwa kwa sanamu ya meno yaliyokwishapangwa. Lakini kila hatua ilihitaji sanamu mpya ya mkono, na nani ana muda huo? Ilibidi zingojwe kompyuta. Mwaka 1997 huko California wanafunzi wawili wa biashara wa Stanford, Zia Chishti na Kelsey Wirth, walianzisha kampuni ya Align Technology, iliyokuja kuuza vifuniko kwa jina la Invisalign. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa meno. Chishti alishavaa vyuma akiwa mtu mzima, na baada ya kuvuliwa akapewa kifaa cha plastiki cha kuyatuliza meno. Akaona kwamba akikaa siku kadhaa bila kukivaa meno yanaanza kurudi, na akikirejesha, plastiki ileile inayasukuma tena mahali pake. Akajiuliza kwa nini plastiki isifanye safari nzima. Kwa maneno mengine, biashara yote hii imezaliwa na mtu aliyesahau kuvaa cha kwake, na mtu kama huyo namjua vizuri.

Daktari alinielezea kwamba kila jozi hulisogeza jino kiasi cha robo ya milimita, si zaidi. Unaivaa wiki moja au mbili, unavua, unavaa nyingine. Niliporudi nyumbani na habari hiyo, mama aliielewa kabla sijamaliza. Amelima mwani tangu mimi niko msingi. "Kama kigingi," akasema. Kigingi cha mwani hukipigilia mchangani, unakifunga kamba, na mwani ukinenepa maji yanauvuta, kupwa na kujaa, kupwa na kujaa. Kigingi haking'oki. Ila baada ya bamvu mbili tatu unakikuta kimeinama na kuhama, na hakuna mtu aliyekiona kikienda. Vuta kwa nguvu mara moja, utakivunja.

Nilimwambia ni hivyohivyo, isipokuwa sehemu moja. Mchanga ukiachwa na kigingi hujijaza wenyewe. Mfupa hauna wepesi huo. Upande jino linakosukumwa, seli fulani huutafuna mfupa kutoa njia. Upande linakotoka, seli nyingine hujenga mfupa mpya kuziba nyuma. Kazi ya kubomoa huenda haraka, ya kujenga huja polepole, na kati ya hizo mbili jino linabaki limelegea kidogo, limeshikwa na nyuzi zake tu. Miaka sita nilikuwa nikichora seli hizo ubaoni. Nilizijua kweli usiku wa kwanza wa jozi ya kwanza, pale nilipouma kipande cha muhogo uliochemshwa nikatokwa na machozi.

Lakini kabla ya jozi ya kwanza kulikuwa na mchoro, na hapa ndipo nilipokaribia kughairi. Walinipiga picha mdomoni kwa kamera nyembamba kama kalamu, na baada ya siku kadhaa daktari akanifungulia kompyuta. Meno yangu yalielea kwenye kioo bila uso, yakaanza kutembea: chonge ikashuka, ikazunguka, ikaingia safuni. Ajabu ya kutazama. Halafu, mwishoni kabisa, meno mawili ya mbele yakasogeleana, yakagusana, na mwanya wangu ukafungwa.

Sina haja ya kumweleza Mswahili mwanya ni nini. Bibi yangu alikuwa nao, mama anao, na katika uso wangu wa Ngiri ulikuwa ndio kitu kimoja ambacho hata waliokuwa wakinicheka hawakuweza kukicheka. Kwa programu ile mwanya ulikuwa kasoro kama kasoro nyingine, nafasi tupu isiyo na kazi. Aliyeitunga hakuwa na ubaya nami. Hakuwa tu na bibi kama wangu.

"Daktari, huo mwanya muuache," nikasema.

Alicheka, kisha akaacha kucheka, maana aliona nina machozi. Akanieleza shida yake: nafasi ya mwanya ndiyo aliyotaka kumpa yule aliyesimama nje. Asipoitumia, itabidi apate nafasi kwingine, kwa kupitisha tupa nyembamba sana ubavuni mwa meno kadhaa, sehemu ndogo ya milimita kwa kila moja, na kuyatanua magego kidogo. Itachukua muda zaidi. Na hata hivyo hawezi kuniachia wote. Tulikaa pale kama watu wanaopatana bei ya samaki gatini Tumbe, tukakubaliana kwenye nusu. Akaandika maelekezo, mchoro ukarudishwa, na uliporejea safari hii mwanya ulikuwamo, mwembamba. Jozi 28. Nawaambia hivi kwa sababu nimekutana na wanawake wawili baada yangu waliopewa michoro kama ile, wakadhani ni hati ya mahakama. Mchoro unajadiliwa. Na vinundu vidogo vya rangi ya jino ambavyo daktari huvigandisha mbele ya meno ili plastiki ipate pa kushika, navyo hujadiliwa, ingawa hapo mimi nilishindwa: chonge ni jino la mviringo, plastiki tupu huteleza juu yake bila kuizungusha. Kwa meno yaliyokwama mfupani, au taya zilizopishana sana, daktari aliniambia wazi kwamba angenipeleka kwenye waya bila kuniuliza.

Mjomba wangu anafundisha chuo, na habari za meno yangu zilimfikia kabla mimi sijamfikia. Ipo hadithi mashuhuri ya Ibn Masud, imo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanawake wanaojitia mianya kwa ajili ya urembo na kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Nilikwenda kwake nimejiandaa. Nilimkumbusha habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, aliyeruhusiwa na Mtume kuweka pua ya dhahabu, na kwamba wanavyuoni wengi wametofautisha kuondoa kasoro na kutafuta urembo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unatafuna vizuri na jino hilo?" akauliza.

Nikasema linanisumbua. Ni kweli lilikuwa likinikwaruza mdomo. Si kweli kwamba hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nicheze michezo miwili ya fedha.

"Nia anaijua mwenyewe," akasema, kisha akataka nivue avione. Akavigeuza vifuniko kwenye mwanga. "Kwa hiyo waliokatazwa ni wanaojitia mwanya, na wewe uliyeumbiwa nao wametaka kuuziba! Na haya magamba unayavua kila wiki mbili? Chama tawala kilitangaza kujivua gamba mwaka 2011, tukasubiri." Tangu siku hiyo, Shumba nzima vifuniko vyangu vinaitwa magamba, na jina ni zuri kuliko yote niliyoyasikia kliniki.

Maneno yake ya nia yalinirudia Dar, kwa sababu ambayo sikuitegemea. Magamba yanataka kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukiwa nayo hunywi ila maji ya baridi. Chai huyatia rangi na joto lake huyapinda. Kila kachori, kila kikombe cha kahawa, kila kipande cha embe ni kuvua, kula, kusukutua, kuvaa. Mimi ni mtu wa kudokoadokoa. Kufika jozi ya kumi na mbili nilikuwa, nikijihesabia kwa ukweli, kwenye saa 15, na daktari nilimwambia 21. Alikuwa anaandika. Akaweka kalamu, akanipa kioo cha mkononi, akanionyesha upenyo wa hewa kati ya plastiki na ncha ya chonge yangu. Meno mengine yalikuwa yamejaa ndani ya gamba. Lile limebaki juu, halijafika. "Jino halijui kusema uongo, mwalimu," akasema bila kuinua sauti. Nilirudishwa jozi tatu nyuma.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binamu yangu. Waya humshika mtu hata akiwa mvivu. Gamba huniuliza mimi kila baada ya mlo kama nalitaka. Matangazo yote yanasifu kwamba linavulika. Hakuna lililoniambia kwamba kuvulika ndiko kutakakonipiga vita.

Ramadhani ndiyo iliyoninyoosha. Kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, funga ni saa kama 13 na nusu mwaka nenda mwaka rudi. Nilivaa magamba baada ya daku, nikayavua kwa tende ya futari, na katikati hakuna cha kuvua wala kuvaa ila wakati wa kutawadha, pale napoyatoa ili maji yapite. Mwezi ule chonge ilikwenda kuliko miezi mitatu iliyotangulia. Saumu nayo haina askari: ukijifungia chumbani ukanywa maji, hakuna atakayejua. Sijawahi kuila saumu kwa siri, hata nikiwa mtoto. Sasa kwa nini meno niliyolipia mwenyewe niliyaibia saa zake? Sina jibu zuri. Nadhani ni kwa sababu saumu nilifunzwa nikiwa ndani ya nyumba iliyojaa watu waliofunga, na magamba nilikuwa peke yangu nayo.

Ndiyo maana huwa naweka mkono kichwani mtu akiniambia ameona mtandaoni magamba ya kuagiza kwa posta: unang'ata donge la kuchukulia alama nyumbani, unatuma, unaletewa boksi, humwoni daktari. Kampuni kubwa ya Marekani iliyojulikana kwa mtindo huo, SmileDirectClub, ilifunga milango Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya safari wakabaki na meno yaliyolegea na simu isiyopokelewa. Mimi nilikuwa na mtu wa kunipa kioo mkononi, na bado nilimdanganya.

Pamoja na marekebisho ya mwisho, ikawa mwaka na nusu. Vinundu vikasagwa. Chonge imeingia safuni, imesimama na wenzake, ingawa ukiitazama kwa karibu imegeuza bega kidogo kama mgeni. Daktari akanipa gamba la mwisho, zito kidogo kuliko mengine, la kulala nalo. Nikauliza kwa muda gani. Akasema mfupa hautulii leo wala kesho, na nyuzi za ufizi zina kumbukumbu ndefu. Nilivae kila usiku, kadiri ninavyotaka meno yabaki yalipo.

Nilikwenda Shumba kuonyesha. Bibi alikuwa ukumbini anatwanga tambuu katika kikinu chake, maana meno ya kuitafuna yamebaki manne. Akaniambia nisogee mlangoni kwenye mwanga na nicheke. Nikacheka, mkono wangu ukiinuka wenyewe kutafuta mtandio, nikaushusha. Alinitazama kwa muda. Kwenye chonge hakutazama kabisa.

"Umo," akasema, akarudi kwenye kikinu. "Mwembamba, lakini umo." Akatwanga kidogo. "Basi sasa nirudishie kijaluba changu."

Nikamwambia bado, bibi, nakihitaji. Kuna gamba la kulalia. Akauliza la siku ngapi. Nikamwambia ni kila usiku, mpaka mwisho.

Akasimamisha mchi.

"Basi wewe hukutibiwa," akasema. "Umeozwa."